Tenga la masalo

Msimu ule bei ya nyanya iliporomoka vibaya. Wakulima wa Ngarenanyuki waliona afadhali wazimwage shambani kuliko kulipia lori la kuzileta Arusha mjini. Mama alikuwa na meza soko la Kilombero, na kila jioni alirudi nyumbani Ngarenaro na masalo ambayo hata wa kuyaomba bure hakuwepo. Kuku walikula mpaka wakazisusa.

Jumamosi moja baba mdogo akatukuta tunachambua tenga uani. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye nyumba ya mapadri wa Kiitaliano. Akaokota nyanya moja, akainusa pale penye kikonyo, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Shemeji, hizi usizitupe. Leo napika mimi."

Mama alimwangalia tu. Kwetu nyanya ni ya kuungia: unaikaangia mchicha, maharage, nyama, na ikiisha kulainika hakuna anayeikumbuka tena. Na tambi nilizozijua mimi zilikuwa zile za sukari na iliki tulizoletewa na majirani mwezi wa Ramadhani. Tambi za chumvi, tena kwa nyanya tupu, zilionekana kama chakula cha mtu aliyekosa mboga.

Tulianza kwa kutenga. Zilizooza zilikwenda shimoni, zilizopondeka tu zikabaki, maana masalo mema ndiyo yaliyoiva hasa. Baba mdogo alipenda zaidi nyanya aina ya Tanya kwa sababu ya nyama yake. Tengeru 97, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti hapa hapa Tengeru, aliisifia ganda lake gumu linalovumilia safari, ila kwa kazi yetu ganda lile lazima litoke. Nikapewa kisu nichore msalaba kitakoni mwa kila nyanya. Zikazamishwa kwenye maji ya moto kitambo kidogo, kisha ya baridi, na ganda likabanduka lenyewe.

Mbegu tulizikamulia kwenye chujio, lakini ule ute wake aliurudisha sufuriani. "Ladha imo humu," alisema, na sijawahi kuumwaga tangu siku hiyo. Watu wengi huumwaga, halafu wanaufidia kwa unga wa viungo wa pakiti. Inaniuma kuona.

Mafuta, vitunguu saumu vilivyopondwa, moto mdogo visije vikaungua vikawa vichungu, kisha nyanya. Hapo mama alitokea na karoti, hoho na binzari mkononi.

"Shemeji, nisamehe," baba mdogo akasema, akisimama kati yake na jiko. "Leo tuzionje zenyewe."

Akapunguza mkaa, tukakaa. Sosi haitaki haraka. Mwanzoni ilikuwa maji mekundu yanayoruka na kututia madoa, baadaye ikaanza kutokota kwa uzito, mafuta yakajitenga pembeni, rangi ikakolea. Tulipokuwa tunakoroga alinieleza kwamba nyanya ambazo Wataliano wanajivunia kuliko zote, San Marzano, hulimwa karibu na Vesuvio, mlima wa volkano, kwenye udongo uliotokana na majivu yake. Nilinyoosha mkono kuelekea Meru, mlima wetu wa volkano. "Eeeh," akasema, "ndiyo maana nakwambia." Mrehani aliutia mwishoni kabisa, ameuchana kwa mikono.

Tambi zilichemshwa kwenye maji yenye chumvi ya kutosha, zikaepuliwa zikiwa bado na kiini kidogo, zikamalizia kuiva ndani ya sosi pamoja na upawa wa maji yake ya wanga, ili sosi izishike.

Mama alionja akiwa amesimama. Akaonja tena, akavuta kigoda.

"Hizi ni za Ngarenanyuki," akasema. "Za juu kule, za maji ya mfereji." Miaka yote alizijua kwa mkono na kwa jicho. Siku ile alizijua kwa ulimi, na alikula bila kuzungumza na mtu mpaka sahani ikaisha.

Sosi iliyobaki tuliijaza moto moto kwenye chupa zilizochemshwa, kila moja na kijiko kikubwa cha maji ya limau, tukazifunga na kuzichemsha tena zikiwa zimezama. Baba mdogo alizikalisha dakika 45. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo chupa huhitaji muda zaidi kuliko kule pwani.

Jumatatu mama alibeba chupa mbili sokoni. Akafungua moja pale mezani, akawapa wenzake wachovye mkate. Mama mmoja aliyekuja na mzigo kutoka Ngarenanyuki alilamba kidole, akauliza imetiwa sukari kiasi gani.

"Hakuna sukari. Ni nyanya zako hizo."

Hakuamini, akachovya tena. Kisha akaomba ile chupa ya pili ampelekee mumewe, ambaye alikuwa ameapa kung'oa shamba lote apande maharage.