Kanzu Nyeupe, Usiku wa Buluu

Klipu zilipigwa Raskazone, Tanga, saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma ya maharusi. Familia ilitaka kipande hicho cha ufukweni kionekane cha usiku wa mbalamwezi, maana juu yake ulipita wimbo wa taarabu. Studio iliyopewa kazi mwanzo ilikuwa imekwisha kukifunika chote kwa buluu. Mwaka huo, 2018, mama mkubwa wa bibi harusi akaniletea faili za kamera pamoja na nakala ile, tukaitazama naye.

"Mwanangu, kanzu ya bwana harusi imekuwa sare ya shule," akasema. "Na dhahabu ya mtoto imekwenda wapi?"

Maswali mawili, jibu moja. Ndani ya Adobe Premiere Pro, programu ya kuhariri video, efekti ya Tint huanza kwa kufuta rangi zote na kubakiza mwanga na giza tu. Kisha weusi hupewa rangi ya Map Black To, weupe hupewa ya Map White To, na vya katikati hupata mchanganyiko. Hapa weusi uliachwa mweusi, buluu kali ikamiminwa kwenye Map White To, na Amount to Tint ikabaki 100%. Kilichokuwa cheupe ndicho kilichokunywa rangi nyingi: kanzu, povu la mawimbi, meno. Dhahabu nayo, yaani mkufu wa bibi harusi, ikishafutwa rangi ni kijivu cha kung'aa tu, ikazama humo humo.

Mchezo huu ni wa tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Ukanda ulichovywa kwenye rangi, ya buluu kwa matukio ya usiku, na sehemu nyeupe ndizo zilizoonyesha rangi. Njia nyingine ilibadilisha fedha iliyomo kwenye picha kwa kemikali, hapo giza ndilo likapata rangi na weupe ukabaki safi. Tint ina njia zote mbili, ya kwanza kwa Map White To na ya pili kwa Map Black To, na kwa maharusi waliovaa nyeupe mimi huchukua ya pili bila kusita.

Nikaanza na mwanga kabla ya rangi. Kwenye Lumetri, sehemu ya programu ya kurekebisha mwanga na rangi, niliteremsha Exposure hadi −1.8, nikapunguza Highlights, yaani sehemu zinazong'aa, na Saturation, ukali wa rangi, nikaiweka 60. Anga la mchana ndilo linalofichua uongo kuliko kitu chochote, kwa hiyo klipu zilizokuwa na anga kubwa nilizikuza kidogo na kulisukuma nje ya fremu. Jua la nyuma lilisaidia sana: lile pindo la mwanga mabegani hupita vizuri kama mbalamwezi. Lingewapiga usoni, hakuna efekti ingeokoa.

Tint ikafuata, chini ya Lumetri, kwa kuwa efekti hufanya kazi kutoka juu kwenda chini. Map Black To ikawa #050B1E, buluu inayokaribia weusi. Map White To ikawa #C9D6EA, weupe wenye baridi kidogo. Amount to Tint 55%. Kanzu ikarudi kuwa kanzu.

Dhahabu ilihitaji kazi ya mkono. Kwenye Tint ile nilichora maski ya duara shingoni, yaani mpaka wa mahali efekti inapofanya kazi, nikatia alama Inverted, ya kuugeuza mpaka huo, ili efekti isiguse mkufu. Chini yake nikaongeza Tint ya pili yenye rangi zile zile, Amount 20%, na maski ile ile bila Inverted, ili ngozi ya shingo isionekane kama ya mchana. Feather, ya kulainisha kingo za maski, 40. Programu hufuata maski yenyewe, ila kila bibi harusi alipoinua mkono kurekebisha mtandio, maski iliondoka na mkono. Hapo ni kurudi fremu kwa fremu. Klipu za mbali sikuzigusa, mkufu ulikuwa pikseli chache tu.

Likabaki tatizo la mistari. Kamera ilirekodi biti 8, yaani hatua chache za mwanga na rangi, kwa 4:2:0, yaani pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Ukiteremsha mwanga na kuvuta buluu, maji yanapata mistari ya ngazi ngazi badala ya rangi kubadilika taratibu. Efekti ya Noise, inayonyunyizia picha chembe chembe, kwa 2%, Use Color Noise ikiwa imezimwa ili chembe zisiwe na rangi, ilizivunja ngazi hizo. Ukizidisha, WhatsApp ikiibana video itageuza chembe hizo kuwa vibonge.

Filamu nzima ilikuwa na saa moja. Kwa 1080p ya Mbps 16 faili likafika karibu GB 7.2, na flashi ya mama ilikuwa ya mpangilio wa FAT32, usiopokea faili linalozidi GB 4. Kuiformati upya, yaani kuifuta yote, alikataa, ina picha za wajukuu. Tukaigawa filamu sehemu mbili, ufukweni ikaangukia ya pili.

"Niandikie basi," akasema, "nijue ya dhahabu ni ipi."