Jinsi nilivyomsaidia Simba asirudishe chakula

Nilimchukua Simba kwa waokoaji wa mbwa hapa Kisumu akiwa mbavu tupu. Kila alichokula alikirudisha kizimakizima. Daktari wa mifugo akampiga eksrei: umio umepanuka, hausukumi chakula hadi tumboni. Lakini mbwa akiwa wima, chakula hushuka kwa uzito wake chenyewe.

Fundi mmoja wa Kibuye alinitengenezea kiti chembamba chenye ubao mbele. Simba huketi kitako, mgongo wima, nami namlisha matonge madogo ya ugali laini na omena iliyosagwa. Maji pia hunywa humohumo. Kisha anabaki kitini dakika 15 hadi 20; ukimtoa mapema, yote yanarudi. Amenenepa, jamani! Akikohoa tu namkimbiza kliniki, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.