Msuli unawahi, kano inachelewa

Nyie mnaoanza kukimbia mwezi huu naomba mnisikilize kidogo, maana kila mwaka naona watu wanaanza kwa moto, baada ya wiki kadhaa wanajiona wako fiti wanaongeza kilomita, halafu ghafla kisigino kinauma asubuhi wakishuka tu kitandani.

Iko hivi. Nguvu unazozipata wiki za mwanzo nyingi ni ubongo na neva zimejifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, msuli wenyewe bado haujanenepa. Baadae ndo nyuzi zinaongeza protini, zile aktini na miosini zinazotelezeana msuli ukikaza. Msuli una damu ya kutosha so unajijenga fasta. Kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, ndo shughuli, damu yake kidogo, imejaa kolajeni (protini ngumu kama nyuzi), na watafiti waliochunguza ile ya kisigino wamekuta kule katikati haijitengenezi upya karibu kabisa ukishakuwa mtu mzima. Kwa mazoezi inakakamaa na kuimarika, ndio, ila inataka miezi.

Na mzigo inaobeba sio wa kitoto! Ukikimbia, kila hatua kano ya kisigino inavutwa kwa nguvu inayoweza kufika mara 6 au zaidi ya uzito wako, inatanuka kama springi halafu inairudisha ile nguvu mguu ukinyanyuka, ndo maana mkimbiaji mzuri hachoki haraka. Wakimbiaji wa Kenya walipopimwa na kulinganishwa na wa Japani walikutwa na kano ndefu zaidi, nadhani na hiyo inawasaidia.

Sasa ikishaanza kuuma usilale tu mwezi mzima, kano isiyopewa mzigo inazidi kudhoofika. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha zoezi ambalo mpaka leo mafizio (wataalamu wa tiba ya viungo) wanalitoa: unasimama kwenye ngazi kwa vidole, unashusha kisigino polepole mpaka chini ya ngazi, mara 15 seti 3, goti limenyooka, kisha tena limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Wiki 12 jamani, sio siku 12.

Na lingine, hili watu hawaambiwi kabisa: siprofloksasini, ile sipro tunayojinunulia duka la dawa tumbo likisumbua, inaweza kudhoofisha kano mpaka ikakatika, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za steroidi. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba unakimbia.