Siku moja maishani mwangu: niko Malindi ya Unguja natafuta kebini ya Antaktika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali tu simu mkononi. Mama ananisema kila siku lakini kazi ya wakala wa safari ndo ilivyo, email za maana zinaingia sisi tumelala. Leo nilikuwa naisubiri ile ya Ushuaia, mji wa kusini kabisa Argentina zinakoondokea meli za Antaktika. Argentina wako nyuma yetu masaa sita, yani wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi huku kwetu ni saa tisa alasiri watu washaanza kufikiria urojo, na wakikujibu jioni yao huku ni usiku wa manane. Ukiuliza kitu kimoja unapata jibu kesho, ukiuliza cha pili keshokutwa, kwa hiyo siku hizi nauliza yote kwa mpigo hata wakiniona nina maneno mengi.

Jibu limekuja: safari ya mwezi wa kumi na mbili zimebaki kebini mbili za watu wawili wawili katika bajeti yetu, moja ya chini yenye kidirisha cha duara, nyengine ya juu yenye baraza, na hiyo ya baraza wameipunguza bei. Watatushikilia moja masaa 48 bila malipo. Masaa yenyewe yalishaanza kukimbia mie niko kitandani.

Saa moja na nusu

Daladala 505 kutoka Kiembesamaki mpaka mjini, nimebanwa mlangoni na ndoo ya mtu ya samaki. Hapo hapo binti wa mteja keshatuma voisi mbili kutoka London. "Dada, chukua ya baraza, usifikirie mara mbili, mama yangu nataka aone barafu kutoka kitandani kwake." Sikumjibu kitu. Mwenye safari ni mama, na mama anakuja ofisini saa nne.

Mteja wetu ni mwalimu mstaafu wa Pemba, kasomesha jiografia mpaka anastaafu, sasa anakaa kwa mdogo wake hapa Unguja. Binti yake ndo mlipaji na ndo atakayekwenda nae. Bosi alipopokea ile simu ya kwanza alidhani ni mzaha, maana sisi tumezoea umra, Dubai, Muscat, watoto wanaokwenda kusoma India. Mzanzibari anayetaka kwenda kuangalia pengwini bado hakuwahi kuvuka mlango ule.

Saa mbili mpaka saa nne

Hapa sina la kusimulia sana. Mtalii kaingia kulalamikia ile bima ya dola 44 ya kuingia Zanzibar, akataka mimi nimrejeshee, nikamwelewesha kwamba ni ya serikali tangu Oktoba 2024 na sisi haituhusu. Tiketi mbili za Dar. Mmoja kakosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Chai ya rangi na mandazi, tukaendelea.

Saa nne

Mwalimu kafika, baibui limepigwa pasi, pochi mkononi, ndani yake pasi, kadi ya homa ya manjano na miwani miwili. Shikamoo, marahaba mwanangu, hujambo, watu wa nyumbani hawajambo, na tukamaliza salamu vizuri ndo tukakaa.

Nilikuwa nshaiprinti ile ramani ya meli kwenye karatasi kubwa, deki zote moja juu ya nyengine, vyumba vimepigwa rangi kwa bei. Nikaanza kumpa maneno ya brosha, huku juu kuna baraza, kuna kochi, kuna... Kanikata.

"Hebu nioneshe omo iko wapi na tezi iko wapi."

Nikamuonesha, omo mbele, tezi nyuma. Kavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza wallahi, kachukua kalamu yangu, kapiga mstari katikati ya meli kwa urefu na mwengine kwa upana, pale ilipokutana akatia nukta. Iliangukia vyumba viwili vitatu deki ya tatu, karibu na ngazi. "Mie nalala hapa au silali. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, nyie hamkufundishwa?"

Ngama ni tumbo la chombo, chini kati kati, na mwenye kupanda boti ya Pemba hana haja ya kusomeshwa hili. Boti ikishaipita Nungwi na kusi limechacha, wageni waliokimbilia viti vya mbele ili waone bahari ndo wa kwanza kupewa vifuko, na wale akina mama wa Wete na Mkoani wenye uzoefu washajilaza kati kati huko, kanga usoni, wameamka wamefika. Meli inayumba kama pembea, katikati na chini inasogea kidogo, kadiri unavyopanda juu au unavyokaribia ncha ndo unavyorushwa. Na huko wanakokwenda wao kuna Drake, yani mkondo uliopo baina ya Rasi ya Horn na Antaktika, kiasi cha kilomita 800 za bahari ambayo haina nchi kavu ya kuuzuia upepo, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Siku nyengine inatulia kabisa watu wanapiga picha, siku nyengine wanafunga kamba kwenye korido ili watu washikilie. Huwezi kujua utapata ipi.

Basi lile baraza analolitaka binti liko deki ya sita, tena nyuma. Kwenye Drake mlango wake unaweza kufungwa kabisa na usiutumie. Siku za barafu kweli litapendeza, lakini barafu hiyo kila mtu anaiona kutoka deki ya nje na kwenye zile boti za mpira, hamna anaekwenda Antaktika akakaa chumbani. Mimi kwa mteja wangu yeyote anayeugua bahari namuuzia kebini ya chini ya kati na hela iliyobaki aweke kwenye bima, hata kama kamisheni yangu inapungua, na bosi anajua nnavyosema hivi.

Ila sikumficha ubaya wa ile ya chini. Kidirisha ni kidogo, na bahari ikichafuka wanakifunika kwa bamba la chuma, unakuwa gizani. Nikamuonesha na mashine iko wapi ili tusijilaze juu yake, na nikamuonesha kuwa za mbele kabisa zina kelele ya nanga. Kauliza kitanda kimelala vipi, kichwa kikielekea ubavu wa meli au kikielekea omo. Hilo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Nikaliandika kwenye orodha ya maswali ya jioni.

Akauliza pia mbona kuna meli nyengine kubwa bei yake nusu. Nikamwambia Mwalimu ile inapita tu. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu, na hata hizi ndogo utaratibu wa waendeshaji wa huko ni watu wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, kwa hiyo meli ya watu 180 wanagawana, nusu wanashuka, nusu wanazunguka na boti. Kaitikia kichwa. "Sikusomesha miaka yote hiyo ili nikakuone kwa mbali."

Kabla hajaondoka tukafanya fomu. Chakula: halali, tukaandika wazi, na samaki na mboga kama halali haipo, maana meli inajaza stoo bandarini na ukikumbuka ushapanda umechelewa. Afya: presha, kwa hiyo fomu ya daktari lazima ijazwe na daktari wake mwenyewe. Viatu vya mpira na lile koti kubwa kampuni inatoa, saizi nikampima hapo hapo kwa futi ya fundi wa jirani. Nguo zake nyengine zote zikaguliwe, mifuko na mishono, kusiwe na mchanga wala mbegu, kule wanazipitisha vakyumu kabla ya kumshusha mtu. Kacheka, "mchanga wa hapa hautoki hata ukifa."

Swala nayo kaiuliza, mwezi wa Disemba kule jua linazama kidogo tu halafu hilo linarudi. Hiyo nikamwambia amuulize shekhe wake, mie nna tiketi tu.

Saa saba

Swala, wali na mchuzi wa pweza, dakika kumi za kufumba macho juu ya meza. Mwenzangu wa meza ya pili kanifunika leso.

Saa nane

Sasa ndege. Watu wengi wanaanza na ndege kwa sababu wameona bei nzuri, halafu wanaitafutia meli. Safari hizi ni kinyume. Kebini kwanza, ikishashikwa ndo unaijenga ndege kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda meli, kwa sababu ndege ipo kesho na keshokutwa na meli ikishang'oa nanga Ushuaia haikusubiri hata uwe nani.

Nikafungua Amadeus, ule mfumo wa kukatia tiketi za ndege. Kwa Mwalimu kuna Ethiopian kupitia Addis, inagusa São Paulo halafu Buenos Aires, na kuna Qatar kupitia Doha ambayo nayo inagusa São Paulo. Binti anatoka London kupitia Madrid. Wote wakutane Buenos Aires, walale siku mbili, halafu kusini pamoja.

Pale Buenos Aires ndo penye mtego. Ndege ya kimataifa inashuka Ezeiza nje ya mji, ndege nyingi za Ushuaia zinaondoka Aeroparque, uwanja mwengine kabisa kando ya mto, na kati ya viwili hivyo ni saa nzima ya gari na zaidi kukiwa na foleni. Kompyuta inaweza kukupangia masaa manne ukaona sawa. Toa uhamiaji, toa mizigo, toa foleni, hebu niambie umebaki na nini. Na migomo ya viwanja Argentina si habari ya ajabu. Kwa hiyo nimewapa siku mbili hapo na usiku mmoja Ushuaia kabla ya meli. Binti ataniambia nawapotezea hela za hoteli, najua.

Kitu kingine ni tiketi moja au vipande. Ukiunganisha Zanzibar mpaka Buenos Aires kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndo linakutafutia njia. Ukijinunulia vipande vipande kwa sababu ya kuokoa dola mia, umechelewa ni shauri yako. Kipande cha Ushuaia sijakiingiza kwenye tiketi kubwa kwa sababu siku zao za kupumzika zinakibeba, ila nimepiga nyota kwenye mzigo, za ndani ya Argentina kilo zinapungua na yule mtu ana sweta za kutosha kufungua duka.

Kurudi: meli inafika Ushuaia asubuhi, kampuni yenyewe inakataza kukata ndege ya kabla ya adhuhuri, mie nimeweka ya jioni.

Halafu majina. Mwalimu jina la mwisho ni la baba yake, binti jina la mwisho ni la baba yake pia ambaye ni mtu mwengine, na kampuni ya meli ishaandika kuuliza hawa wawili wanaolala chumba kimoja wana uhusiano gani. Mama na mtoto, nikawajibu, sisi mwanamke habadilishi jina. Lililo muhimu ni jina kwenye tiketi, meli, viza na bima liwe sawasawa na pasi, herufi kwa herufi.

Kadi ya manjano ya Mwalimu ni ya zamani, imeandikwa muda umekwisha. Tangu 2016 chanjo ile inahesabika ya maisha, lakini nimemshauri akaulize kituo cha afya wampe kadi safi, sitaki abishane na mtu kaunta amechoka.

Saa tisa na nusu alasiri

Ushuaia wamefungua. Nikapiga badala ya kuandika. Kebini ya chini ya kati ipo, na kitanda kichwa kinaelekea omo. Nikamtumia Mwalimu, kajibu kwa neno moja: "Chukua."

Kisha binti. Hapo palikuwa na mvutano. Nusu saa ananiambia habari za baraza, nami simlaumu, pesa ni zake na anataka kumtunza mama yake. Nikamuomba anambie mara ya mwisho kupanda boti ya Pemba na mama yake ilikuwaje. Kimya. Halafu kacheka peke yake kule London. "Alinitapikia begi la shule." Sawa, ya chini.

Saa kumi na mbili jioni

Kabla ya kufunga nikamaliza bima. Ile ya Schengen ya yuro 30,000 tunayoiuza kila siku hapa haifiki. Mgonjwa wa huko akihitaji kutolewa anapelekwa kisiwa cha King George penye kiwanja cha ndege cha Chile, halafu Punta Arenas, hali ya hewa ikiruhusu, na kila hatua ni dola. Kampuni ya meli haikupandishi bila karatasi ya bima ya uokoaji. Mawakala wa bima wawili wa hapa mjini wamenijibu hawaiwezi, wa tatu kaniambia nimpe mpaka kesho, kaniuliza Antaktika ni nchi gani nimtilie kwenye sistimu.

Saa tatu usiku

Niko nyumbani, amana ya asilimia 20 imeingia kutoka London na kebini imethibitishwa. Tiketi za ndege sijazikata, nimezishikilia tu, mpaka viza ya Argentina itoke, na ubalozi wao uko Nairobi. Pasi ya binti ni ya Uingereza, haihitaji. Ya Mwalimu inahitaji, na lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kwa sababu meli inatoka Argentina na kurudi Argentina. Kesho asubuhi aje na picha mbili, barua ya benki ya binti, na ile pochi yake.

Voisi imeingia sasa hivi, ya Mwalimu. Anauliza kama kwenye meli anaweza kwenda na achari yake ya embe.