Jinsi ninavyoegesha gari barabarani New York

Ninaegesha gari mtaani Brooklyn mwaka mzima, silipii maegesho ya ndani. Kinachoniokoa ni ratiba. Jiji la New York hufagia mitaa kwa mashine, hivyo upande mmoja wa barabara lazima uwe mtupu siku fulani za wiki, na upande wa pili siku nyingine. Mtaani kwangu ni Jumatatu na Alhamisi upande huu, Jumanne na Ijumaa ng'ambo, kuanzia saa 2:30 hadi saa 4:00 asubuhi. Jumapili jioni naamua gari lilale wapi.

Kibao cha ufagio kina herufi P iliyokatwa kwa picha ya ufagio. Usisome kimoja ukaondoka. Tembea mtaa mzima, ufuate mishale, kwa sababu kibao kimoja kinaweza kutawala nusu tu ya barabara, na hatua chache mbele sheria ikabadilika. Kuna makatazo ya aina tatu: kuegesha, ambapo bado unaruhusiwa kupakia na kushusha mizigo, kusubiri, ambapo unashusha abiria tu, na kusimama, ambapo huruhusiwi chochote. Wageni wengi hudhani yote ni kitu kimoja.

Siku ya ufagio naingia garini dakika ishirini kabla. Nakaa kwenye usukani, injini imezimwa, kwani kuiacha ikiunguruma zaidi ya dakika tatu ni kosa, na karibu na shule ni dakika moja tu. Mashine ikitokea nyuma, natoka kwenye nafasi, naiacha ipite, narudi palepale. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wakiona ufagio umepita wanafunga gari na kwenda zao. Katazo linaendelea mpaka muda wa kwenye kibao uishe, na askari wa maegesho akipita saa 3:40 anaandika faini kama kawaida. Ninangoja hadi mwisho. Majirani wengine huegesha safu ya pili, ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa upande wa pili; ni desturi ya miaka mingi, lakini kisheria ni kosa, nami sikushauri.

Bomba la maji la zimamoto ni habari nyingine. Hakuna anayepaka rangi ukingo wa barabara hapo, kwa hiyo macho yanadanganya. Unatakiwa kuwa mbali nalo futi 15, yaani mita nne na nusu na kidogo, kila upande. Faini ni dola 115. Ninaweka tepu ya fundi kwenye buti na ninapima kweli, hata usiku, hata mvua ikinyesha.

Siku ambazo ufagio umesimamishwa ni nyingi kuliko watu wanavyojua, zikiwemo Idi zote mbili, Idul-Fitri na Idul-Adha. Piga 311, namba ya huduma za jiji, uhakikishe. Mita za kulipia maegesho, hata hivyo, huendelea kufanya kazi siku hizo za dini, kwa hiyo usichanganye mambo.

Kutembelea gari kila baada ya siku mbili ni lazima, hata kama ratiba inakuruhusu kuliacha. Vibao vya karatasi hufungwa kwenye nguzo kwa ajili ya upigaji wa filamu au ujenzi, na gari lililobaki huvutwa, mara nyingine hadi mtaa wa jirani.

Ukipewa faini usiyostahili, piga picha papo hapo: kibao, mshale, gari na umbali kati yake. Una siku 30 za kulipa au kupinga. Zikipita, nyongeza inaanza. Madeni yaliyokwisha kuhukumiwa yakizidi dola 350, gari linaweza kufungwa tairi au kuvutwa.

Theluji ikianguka sana, ufagio husimamishwa, lakini magari ya kusukuma theluji huziba gari lako kwa ukuta. Chimbua kwanza magurudumu, kisha mlango wa dereva, mapema kabla haijaganda usiku. Theluji unayoitoa iweke kando ya njia ya miguu. Kuitupa barabarani kuna faini yake.