Hawa Carabinieri wa Italia ni polisi au ni wanajeshi?

Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia kule Kongo, Luca Attanasio, alipouawa maeneo ya Kibumba, barabara ya Goma kwenda Rutshuru, alikufa pamoja na dereva Mustapha Milambo na mlinzi wake Vittorio Iacovacci. Huyo mlinzi sehemu moja nasoma ni polisi, sehemu nyingine ni mwanajeshi, nikasema waandishi nao bwana, si wachague moja. Kumbe wote walikuwa sawa. Jamaa alikuwa Carabiniere, na hawa watu ndo walivyo, wanajeshi ambao kazi yao ya kila siku ni upolisi, na kulinda balozi za Italia nje ni kazi yao pia.

Tangu hapo nimekuwa nawafuatilia. Kikosi kilianzishwa Turin tarehe 13 Julai 1814, Napoleon kashatimuliwa, mfalme Vittorio Emanuele I wa ufalme wa Sardinia karudi kwenye kiti chake, na pamoja na kuwachukia Wafaransa muundo wa jandarmeri yao, yaani wanajeshi wanaofanya upolisi, akauchukua vile vile, jina tu ndo likawa lingine, likitokana na karabina, ile bunduki fupi waliyobeba. Italia yenyewe kama nchi imekuja 1861. Yaani polisi wameitangulia nchi kwa miaka 47!

Mpaka mwaka 2000 walikuwa tawi la jeshi la nchi kavu, ndo sheria ikawapandisha wakawa jeshi kamili la nne, wanahesabika sambamba na nchi kavu, majini na anga. Sasa mabosi wao ndo utachoka. Wizara ya Ulinzi inawamiliki kama wanajeshi, usalama wa raia wanapangiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, wakipeleleza kesi wako chini ya mwendesha mashtaka. Na mwanajeshi yeyote akitoroka kambini au akiiba mafuta ya jeshi, wanaomfuata ni hao hao. Halafu pembeni kuna polisi wengine wa kiraia kabisa wanaofanya karibu kazi ile ile. Wengi wanaona ni kupoteza hela, mimi naona bunduki zote za nchi kukaa kwa bosi mmoja ni hatari zaidi.

Ila ukitaka kuwaelewa usianzie makao makuu, anzia kijijini. Kituo kidogo, bendera mlangoni, mkuu wake anaitwa maresciallo na mara nyingi anaishi humo humo na familia yake, anajua nani kagombana na nani kuhusu mpaka wa shamba. Barabarani wanasimama wawili na gari lao la bluu, suruali ina mstari mwekundu ubavuni, mmoja anakupungia kile kibao cha duara anakuja dirishani kuomba leseni, mwenzie kabaki nyuma kidogo na bunduki, haongei, anakuangalia mikono tu. Waitalia wana utani kwamba wanatembea wawili kwa sababu mmoja anajua kusoma na mwingine kuandika, na wana utani kama huo kibao.

Utani kando, kazi zao zimesambaa mno. Tangu 1962 wana kitengo cha kukamata wanaochakachua vyakula, 1969 wakaanzisha cha kusaka michoro na sanamu zilizoibiwa, 2017 wakaongezewa na kikosi cha askari wa misitu. Mafia ndo usiseme, bosi mkubwa wa Mafia Totò Riina walimdaka Palermo tarehe 15 Januari 1993, na bosi mwingine, Matteo Messina Denaro, wakamkuta mji huo huo tarehe 16 Januari 2023, kaenda kliniki kutibiwa kwa jina la mtu mwingine, miaka 30 anatafutwa.

Wanayempenda kuliko wote ni Salvo D'Acquisto. Septemba 1943, Palidoro karibu na Roma, mlipuko uliua askari wa Kijerumani, Wajerumani wakakamata raia 22 wakawachimbisha kaburi lao wenyewe. Huyu kijana, miaka yake 22, akasema ni mimi nimefanya, na hakuwa amefanya. Wakampiga risasi yeye, wale raia wakaachiwa.

Lakini mtu aliyefundishwa kufa bila kumtaja mwenzie ndo huyo huyo anaweza kunyamaza pale ambapo hatakiwi kunyamaza. Oktoba 2009 Roma walimkamata Stefano Cucchi, miaka 31, kwa ishu ya madawa ya kulevya, wiki moja baadaye akafia hospitali akiwa bado mahabusu, mwili una majeraha. Kila mtu kimya. Dada yake Ilaria akaamua kuonyesha picha za maiti hadharani, watu ndo wakashtuka, na bado ilichukua mpaka 2018 kwa mmoja wa Carabinieri waliokuwepo usiku ule kufungua mdomo kwamba wenzie walimpiga. Aprili 2022 wawili hukumu yao ya mwisho ikawa miaka 12 jela, na wengine wakafikishwa mahakamani kwa kuficha ukweli, tena makaratasi yalikuwa yamebadilishwa. Mwaka huo huo Ilaria akachaguliwa kuwa seneta.