Kumbukumbu ya mradi wangu: akordi ya saba ndani ya distoshoni

Jumamosi iliyopita, baada ya miezi minne ya kushindwa, akordi ya la-saba (nota za la, do diezi, mi na sol kwa pamoja) ilisikika safi katika chumba chetu cha mazoezi huku Katuba, Lubumbashi, distoshoni, ile pedali inayokwaruza sauti ya gitaa, ikiwa imewashwa. Naandika mapema kabla sijasahau tulivyofika hapo, maana suluhisho halikutoka mahali nilipokuwa nikilitafuta.

Wapigaji wenzangu wanaujua ugonjwa wenyewe. Roki inaishi kwa distoshoni, jazi inaishi kwa nota ya tatu, ya saba na ya tisa, na vitu hivyo viwili vikipita katika saketi moja vinaharibiana. Watu wengi wakizungumzia fyuzheni, yaani mchanganyiko wa jazi na roki, husifu kasi na midundo ya kuhesabu saba au tisa. Mimi nimesadiki kwamba jazi na roki hugongana hasa ndani ya akordi.

Nilitoa waya kwenye pedali moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, nikarekodi, kisha nikaichunguza sauti kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nota ya la ya hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde) ikipigwa pamoja na mi ya hezi 330, distoshoni huzaa nota ya tofauti yao, hezi 110, ambayo ni la ya oktava ya chini. Ndiyo sababu akordi ya nota mbili ya wapiga roki hujaa kifua bila kuchafuka. Ondoa mi, weka do diezi ya hezi 277: tofauti inakuwa 57, ilhali la iliyo karibu nayo ni 55. Hezi mbili ni kidogo kwa kuandika, lakini huko chini zinakaribia theluthi mbili za nusu-toni, hatua ya friti moja ya gitaa. Ukiongeza sol ya hezi 392, zinajitokeza pia 115 na 172. Nimepiga nota tatu, nimeletewa nyingine tatu ambazo sikuziomba, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sawa na toni ya gitaa.

Nilijaribu kila pedali niliyoweza kuazima. Maoni yangu ni kwamba kubishana juu ya diodi za jerimani (germanium) na za silikoni, vile vipande vinavyokata sauti ndani ya pedali, ni kupoteza muda kwa tatizo hili: za jerimani hulainisha ncha, lakini 57 inabaki palepale. Kupunguza geni (nguvu ya distoshoni) hadi nusu na kupandisha sauti ya ampli kunasaidia zaidi kuliko kununua kifaa kipya. Tena msijipime kwa ampli ndogo yenye spika ya inchi 8, kwa sababu haitoi sauti za chini na itawadanganya kwamba mmepona.

Mpango wangu ulikuwa kusuka pikapu (kifaa cha gitaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) iliyogawanyika, nyuzi tatu kwa koili moja na tatu kwa nyingine, kila koili na jeki yake. Waya unaohitajika una unene wa milimita 0.06 hivi. Niliufungua kutoka kwenye transfoma ndogo zilizokufa, nao ulikatika mara tano, mara ya mwisho nikiwa nimekwisha kuzungusha zaidi ya raundi elfu tatu. Usiku ule nililala bila kula.

Mdogo wangu anayepiga mi-solo, gitaa lililo kati ya solo na la kusindikiza, ndiye aliyenitoa gizani. Alinitazama nikihangaika, akasema: «Yaya (ndugu mkubwa), sauti zako zinapigana ndani ya ampli moja. Hiyo nota ya tatu nipe mimi.» Ni kweli kabisa: distoshoni huchanganya tu zile zinazopita pamoja ndani yake. Mahavishnu Orchestra, kundi la fyuzheni la mwaka 1971, iligawana kazi kwa namna yake, mpiga gitaa John McLaughlin akizivunja akordi mara nyingi nota moja baada ya nyingine, na Jan Hammer akiwa na piano yake ya umeme. Sisi hatuna piano ya umeme, lakini tuna urithi wa magitaa matatu: solo, mi-solo na la kusindikiza. Sasa mimi nashika nota za la na mi. Yeye, kwa pedali na ampli yake, anapishanisha do diezi na sol kwa mtindo uleule wa sebene, sehemu ya magitaa ya kasi katika muziki wa Kongo, bila kuzipiga pamoja, maana zikikutana ile 115 inarudi.

Pikapu nimeiweka kandoni na sijui kama nitairudia. Kinachotusumbua sasa ni mkia wa do diezi: tukipita mapigo 120 kwa dakika, inaendelea kulia wakati sol imekwisha kuingia. Juzi alianza kuizima kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, tukafika 124 bila uchafu wowote. Kesho tunaanza na 126.